Usiifute TikTok, ifundishe upya: wiki 3 za kuacha kuuchukia mwili wako kila ukishika simu

Kwangu studio huja mtu yule yule mwenye sura tofauti. Amefuta programu Jumapili usiku kwa hasira. Jumatano ameirudisha. Ijumaa anaingia kupigwa picha ya mahafali, na kabla hajakaa kwenye kiti anasema, "Dada, utanipunguza mashavu kidogo, eh?"

Hakosi msimamo. Kosa ni kwamba alichofuta ni programu iliyo kwenye simu yake tu. Akaunti imebaki, na kumbukumbu ya kila alichotazama imebaki nayo. Akirudi anapakuliwa sahani ile ile aliyoikimbia.

Hapa basi hatufuti kitu. Tunaifundisha upya programu, halafu tunayafundisha macho yako. Nimeandika kwa TikTok na Instagram kwa sababu ndizo ninazoletewa malalamiko yake kila siku. Kaka zangu msipite mbali: wanaotaka niwachoree kifua kwenye kompyuta ni wengi kuliko mnavyodhani.

## Andaa hivi kwanza

- Simu yako, na bando la kutosha. Hatua ya 5 inakula bando, usiianze na MB za kuungaunga.
- Daftari na peni. Usiandike kwenye simu; ukiifungua uandike utajikuta umerudi kuperuzi.
- Futi ya kamba, ile ya fundi cherehani.
- Mtu mmoja unayemwamini, wa kukupiga picha na kukutunzia namba ya siri.
- Siku 21. Jumamosi moja itakuchukua saa moja na nusu, siku nyingine ni dakika chache tu.

Mizani iache ilipo. Hatutaihitaji hata mara moja.

## Nani asianzie hapa

Kama unaruka milo makusudi, unajitapisha ukishakula, unameza vidonge vya kupunguza au kuongeza mwili, unajikata, au wazo la kufa linakujia, mwongozo huu haukutoshi. Mtoto au aliye chini ya miaka 18 apige 116, ni simu ya huduma kwa mtoto na hailipiwi. Mtu mzima aende hospitali aombe kuonana na wa afya ya akili. Kama hali ni ya usiku huu huu, usibaki peke yako chumbani. Mwamshe mtu, mwende pamoja.

Kwa tulio Dodoma, Hospitali ya Mirembe iko hapa hapa mjini. Najua jina hilo tumeligeuza tusi. Mtoto akicheka ovyo anaambiwa "utapelekwa Mirembe", na utani huo umewachelewesha watu wengi. Wapo wagonjwa wa nje wanaoingia asubuhi, wanaongea na mtaalamu, wanarudi nyumbani kula mchana.

Unayetumia mkorogo na ngozi imeanza kuwaka, nenda hospitali na kopo lenyewe mkononi. Baadhi ya krimu hizo huwa na zebaki, ambayo huharibu figo, au dawa za jamii ya steroidi, ambazo hupunguza unene wa ngozi. Daktari akijua ulichopaka hatabahatisha.

## Hatua ya 1: Andika kabla hujagusa kitu (siku 3)

Kila unapofungua programu, andika saa, kisha namba kuanzia 1 hadi 10: najisikiaje kuhusu mwili wangu sasa hivi? Ukifunga, andika namba tena, na jina la akaunti au video iliyokuganda kichwani.

Ukurasa utafanana na huu:

"Jtatu, saa 4 usiku. Kabla 6. Baada 3. Yule dada wa gauni la kijani. Na tangazo la dawa ya hips."

Kwa nini tujisumbue hivi? Kwa sababu watu wengi wanadhani wanajua kinachowaumiza, na daftari huwabishia. Binti mmoja aliniapia kwamba wanaomtesa ni wanamitindo wa Ulaya. Siku ya tatu daftari likamwonyesha jina moja limejirudia mara 7: msichana aliyesoma naye sekondari, anayejirekodi kwa filta kila asubuhi. Mwanamitindo wa Paris huko aliko ni mbali. Wa darasani kwako anachoma zaidi, kwa sababu mlianza mbio mstari mmoja.

Na usijione dhaifu. Mwaka 2021 nyaraka za ndani za Facebook, wenye Instagram, zilivuja. Watafiti wa kampuni yenyewe walikuwa wameandika kwamba kwa wasichana ambao tayari wanajisikia vibaya kuhusu miili yao, karibu 1 kati ya 3 alisema Instagram inamzidishia.

Onyo: usianze kuondoa watu kabla siku 3 hazijaisha. Ukisafisha kwa hasira utang'oa wasio na kosa na kuwaacha wenye kosa.

Umefanikiwa ukiona: majina 3 hadi 5 yanayojirudia, na saa ambazo namba inashuka zaidi. Kwa wengi ni usiku, taa imezimwa.

## Hatua ya 2: Jaribio la futi

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo ninayoijua kuliko zote, kwa hiyo vumilia nikiongea.

Chagua kivuli cha mlangoni, saa 4 asubuhi au saa 10 jioni. Usifanye saa 6 mchana: jua la Dodoma likiwa utosini linachimba mashimo meusi chini ya macho ya kila mtu, hata ya mtoto mchanga.

Picha ya kwanza. Jipige selfi, kamera ikiwa usawa wa macho. Pima kwa futi sentimita 30 toka puani hadi kwenye simu.

Picha ya pili. Mwenzako asimame sentimita 150 kutoka kwako, atumie kamera ya nyuma, nayo iwe usawa wa macho yako. Baadaye kata picha hiyo mpaka kichwa kilingane ukubwa na kile cha selfi.

Picha ya tatu. Rudia selfi ya sentimita 30, safari hii kwa filta unayoipenda.

Sasa ziweke pamoja. Angalia pua kwanza, halafu masikio. Kwenye selfi pua imetanuka na masikio yamerudi nyuma kama yanajificha. Kwenye picha ya pili uso umetulia. Ni uso ule ule, mlango ule ule, na dakika hazijafika 10.

Sababu ni umbali tu. Pua iko karibu na lenzi kuliko masikio. Ukiwa sentimita 30, tofauti hiyo ndogo inakuwa sehemu kubwa ya safari nzima, kwa hiyo pua inakuzwa. Ukisogea nyuma, tofauti inamezwa. Ndivyo unavyoweza kukiziba kilima cha Mlimwa kwa kidole gumba ukikiweka karibu na jicho, na hakuna atakayesema kidole kimekua. Mwaka 2018 madaktari wa Marekani walikokotoa kwamba selfi ya karibu sentimita 30 huonyesha pua pana kwa takribani asilimia 30 zaidi ya picha iliyopigwa mita 1.5. Walihangaika na hesabu hiyo kwa sababu watu walikuwa wanaleta selfi zao wakiomba kupasuliwa pua.

Maana yake ni kwamba pua unayoichukia huenda haipo popote isipokuwa kwenye selfi zako. Anayekaa mbele yako kwenye daladala haioni.

Nikufungulie pazia la upande wangu sasa. Mtu akitaka "anisafishe", natumia dakika chache: nalainisha ngozi, nang'arisha macho, nasogeza taya ndani, nabana kiuno. Miaka michache nyuma nilimfanyia hivyo binti wa mahafali, na nilizidisha, maana alikuwa amelipa vizuri nami nikataka sifa. Alirudi na bibi yake kuchukua fremu. Bibi akaishika kwa mikono miwili, akaisogeza mbali, akaileta karibu, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mjukuu wangu, na ya huyu wetu iko wapi?"

Binti alicheka. Wiki mbili baadaye akanitumia ujumbe akiuliza kama najua mahali wanapouza vidonge vya kupunguza taya. Taya lile nililisogeza mimi, kwa kipanya. Tangu siku hiyo nafuta chunusi na vumbi tu, na nimepoteza wateja kadhaa kwa msimamo huo.

Kutambua picha iliyochezewa, acha kutazama mwili, tazama nyuma yake. Fremu ya mlango au mistari ya vigae ikipinda karibu na kiuno, kiuno kimebanwa. Ngozi isiyo na kinyweleo wala kitundu imelainishwa. Kwa video, lile jaribio la zamani la kupitisha mkono usoni filta itetemeke usilitegemee tena. Zipo filta tangu 2023 ambazo hazitetemeki. Angalia ukingo wa nywele na hereni badala yake.

Jingine la kwetu: Juni na Julai upepo wa Dodoma unapausha ngozi hata upake nusu kopo la mafuta. Huyo anayeng'aa kwenye video amekaa mbele ya taa ya duara. Hajatoka Nkuhungu na bodaboda.

Umefanikiwa ukiweza: kuitazama picha iliyokuumiza na kusema kwa sauti kilichofanyika. "Lenzi ya karibu. Ngozi imelainishwa. Mlango umepinda." Kwa sauti, si moyoni.

## Hatua ya 3: Ng'oa majina ya kwenye daftari

Usipitie orodha nzima ya unaowafuata. Ukiwa na watu 900 utachoka ukifika wa 40. Fungua daftari, shughulika na yale majina 3 hadi 5 tu.

Usiyemjua, acha kumfuata, basi.

Binti wa shangazi, mwanafunzi mwenzako au wifi, usimwondoe. Atagundua, na kikao cha ukoo utakuwa umekiitisha wewe. Mnyamazishe: kwenye Instagram fungua ukurasa wake, bonyeza "Following", kisha "Mute", uzime machapisho na stori. Hapati taarifa yoyote, na mkikutana msibani mtaongea kama kawaida.

Wauza dawa za shepu, weupe na misuli, hawa sina huruma nao. Ripoti akaunti, kisha izuie kabisa. Dawa husajiliwa na TMDA (mamlaka ya dawa), vipodozi husimamiwa na TBS (shirika la viwango). Anayekutumia kopo lisilo na lebo kwa basi, na kukupa namba ya kulipia bila mahali anapopatikana, hana cha kukuonyesha katika hivyo viwili.

## Hatua ya 4: Futa kumbukumbu ya mapendekezo (Jumamosi)

Kuacha kuwafuata watu hakutoshi, kwa sababu nyingi ya video unazoona zinatoka kwa watu usiowafuata kabisa. Programu imeshajifunza udhaifu wako. Sasa tunaisahaulisha.

TikTok: nenda kwenye ukurasa wako, bonyeza mistari 3 juu, "Settings and privacy", kisha "Content preferences", kisha "Refresh your For You feed".

Instagram: mistari 3, "Content preferences", kisha "Reset suggested content".

Majina haya huhamahama programu inaposasishwa. Usipoyaona, andika "refresh" au "reset" kwenye kisanduku cha kutafutia ndani ya mipangilio.

Ukiwa hapo hapo kwenye TikTok, tafuta sehemu ya kuchuja video kwa maneno. Watu huandika maneno ya Kiingereza tu halafu wanashangaa video bado zinakuja. Wauzaji wetu wanaandika Kiswahili! Weka: shepu, hips, kupunguza tumbo, kitambi, weupe, mkorogo, makalio. Ongeza na yale yaliyo kwenye daftari lako. Mwisho futa historia ya ulivyotafuta.

Onyo: hakuna kurudi nyuma ukishabonyeza. Marafiki na ujumbe wako havifutiki, wala unaowafuata hawaondoki, ndiyo maana hatua ya 3 imetangulia.

Umefanikiwa ukiona: ukurasa umepooza, kama soko la Majengo alfajiri wauzaji wakiwa bado wanapanga nyanya. Usiogope huo upweke, na usifunge simu. Nenda hatua ya 5 muda huo huo.

## Hatua ya 5: Lisha (nusu saa ya kwanza, kisha siku 5)

Hapa ndipo wengi waliofika hatua ya 4 wanaharibu. Ukurasa uliofutwa huletewa mambo yanayopendwa na watu kwa jumla, na miili ipo humo. Wa kwanza kupita amevaa kaptura, unatulia sekunde 8 "kuangalia tu", na programu imeshaandika.

TikTok yenyewe ilieleza mwaka 2020 kwamba kutazama video ndefu kutoka mwanzo hadi mwisho ni ishara nzito kuliko ishara dhaifu, kama vile wewe na mwenye video kuwa nchi moja. Haijali kama ulitazama kwa furaha, kwa wivu au kwa kusonya. Kidole kilichotulia kinahesabiwa kama njaa.

Kwa hiyo usisubiri kuletewa. Nenda kwenye kisanduku cha kutafutia, andika vitu 4 unavyovipenda visivyohusu mwili wa mtu. Kilimo cha zabibu. Kutengeneza pikipiki. Mapishi. Magoli ya Dodoma Jiji. Fungua video 5 za kila kimoja, uzitazame hadi mwisho, upende 2, ufuate akaunti 1. Ni kazi ya kuchosha kidogo, ifanye hivyo hivyo.

Video ya mwili ikijipenyeza, usiisogeze polepole kwa huzuni. Ibonyeze kwa muda mrefu, chagua "Not interested", endelea.

Nitasema jambo ambalo halitawafurahisha baadhi: kurasa za "jipende ulivyo" sizipendekezi katika siku hizi 5. Nia yao ni njema, ila mada bado ni mwili. Aliyetoka kuungua hapewi chai ya moto, hata kama ni tamu.

Umefanikiwa ukiona: siku ya 5, hesabu video 20 mfululizo. Zinazohusu sura au umbo zikiwa chini ya 3, umevuka. Zikiwa 6 au zaidi, rudia hatua ya 4.

## Hatua ya 6: Weka dakika 60

Huko Ottawa, Kanada, watafiti waliwachukua vijana 220 wa miaka 17 hadi 25 waliokuwa na dalili za wasiwasi au sonona. Kundi moja likaambiwa lisizidi takribani dakika 60 za mitandao kwa siku, kwa wiki 3. Matokeo yalitoka 2023: waliopunguza waliuona mwonekano na uzito wao kwa jicho jema kuliko mwanzo, na wenzao walioendelea kama kawaida hawakubadilika hivyo. Hawakuambiwa wabadilishe chakula wala waende gym.

Weka kikomo kwenye mipangilio ya simu yenyewe, na namba ya siri aiweke yule mtu unayemwamini. Ukiijua wewe, hakuna kikomo hapo. Usiku chaji simu kwenye soketi usiyoifikia ukiwa umelala. Wa hosteli za Ng'ong'ona mtaniambia soketi ni moja na iko kichwani. Basi kabadilishaneni vitanda, au simu ilale kwenye begi ikiwa imezimwa.

## Hatua ya 7: Ziba midomo kwenye picha zako

Ukitupia picha yako, ficha idadi ya laiki. Instagram imeruhusu hilo tangu 2021.

Kisha fungua sehemu ya kuchuja komenti na uandike matusi yetu mwenyewe, kwa sababu vichujio vya programu vinajua zaidi matusi ya Kiingereza. Andika kibonge, kimbaumbau, mbilikimo, tumbo, na namna yanavyokatwakatwa: "kbonge", "kimbaombao". Ongeza jina la utani ulilopewa shuleni. Unalijua.

Mtu akikuandama kabisa, piga picha ya skrini kabla hujafuta, tarehe na jina la akaunti vionekane. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inautaja unyanyasaji wa mtandaoni kama kosa. Ukiwa chini ya miaka 18, mpelekee mzazi au mwalimu ushahidi huo, na vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto.

Midomo ya nyumbani haina kitufe. Mama mdogo akikupokea na "heee, umenenepa!", kwake hiyo inaweza kuwa salamu na sifa. Kama inakuumiza, mwambie siku mkiwa wawili jikoni, si mbele ya wageni. "Mama, hiyo ya mwili niache kidogo" inatosha.

## Hatua ya 8: Pima tena (siku ya 19 hadi 21)

Rudi kwenye daftari. Siku 3, saa zile zile, namba kabla na baada. Usifungue ukurasa wa mwanzo mpaka umalize wa mwisho, la sivyo utajipendelea.

Usitegemee 10. Aliyekuwa anatoka 6 hadi 3 kila usiku, sasa akitoka 6 hadi 6, kazi imefanyika: simu imeacha kumchukulia kitu.

Namba ikiwa bado inashuka, usirudie mwongozo mzima. Nenda moja kwa moja hatua ya 3. Karibu kila mara kuna jina moja lililoachwa kwa kuonewa haya, na mara nyingi ni la ndugu.